Darwin hakusafiri tena, zilisafiri barua zake

Wengi wetu tulisomeshwa habari za Charles Darwin kwa kisa kimoja: kijana wa Kiingereza anapanda meli ya Beagle mwishoni mwa mwaka 1831, anazunguka dunia kwa karibu miaka mitano, anapita visiwa vya Galápagos, kisha anarudi kwao na wazo lililotikisa ulimwengu. Kisa hicho si cha uongo, ila kinakatishwa mapema mno. Beagle ilitia nanga Falmouth tarehe 2 Oktoba 1836. Tangu siku hiyo hadi alipofariki Aprili 1882, Darwin hakuvuka tena bahari kwenda nchi ya kigeni. Alioa, mwaka 1842 akahamia kijiji cha Downe huko Kent, na akaishi hapo karibu miaka 40 akisumbuliwa na maradhi na kuwakwepa wageni. Lakini vitabu alivyoviandika hapo vimejaa nzige wa Natal, maua ya Madagaska na Brazili, na nyuso za watu wa kila bara. Mtu asiyetoka nyumbani alizipata wapi habari zote hizo?

Alizipata kwa posta. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Cambridge ndiyo makao ya mradi uliokusanya na kuchapisha barua alizoandika na alizoandikiwa. Kazi ilianza mwaka 1974, ikachukua karibu nusu karne na kujaza juzuu 30. Zimepatikana barua zipatazo 15,000, alizoandikiana na watu karibu 2,000. Na hizo ni zilizosalimika tu.

Wingi huo una sababu yake. Kabla ya mwaka 1840, barua nchini Uingereza kwa kawaida ililipiwa na anayeipokea, na bei ilipanda kwa umbali na kwa idadi ya karatasi. Asiye na hela aliikataa barua mlangoni, na mwandishi hakuwa na la kufanya. Mageuzi aliyoyapigania Rowland Hill yakapindua utaratibu: anayetuma ndiye alipe, na barua isiyozidi gramu 14 hivi iende popote nchini kwa peni moja. Mwaka huohuo ikatoka stempu ya kubandika. Tangu hapo mtunza bustani aliweza kumwandikia mwenye shamba kubwa bila kumtia gharama, na mbegu chache zikatosha kuingia ndani ya bahasha. Darwin alihamia Downe miaka miwili tu baada ya mageuzi hayo.

Mwanawe Francis alituachia maelezo ya jinsi siku za baba yake zilivyokwenda. Darwin alifanya kazi asubuhi mapema, na saa tatu na nusu akaingia sebuleni kuangalia barua. Zikiwa chache alifurahi, zikiwa nyingi uso ulikunjamana. Za ndugu na jamaa alisomewa kwa sauti huku amejinyoosha kwenye kochi. Kujibu kulingoja mchana, baada ya chakula na gazeti. Alikaa kwenye kiti kikubwa karibu na moto, akaweka ubao juu ya mikono miwili ya kiti, na ubao huo ndio ukawa meza yake. Barua ndefu aliandika kwanza rasimu nyuma ya karatasi za miswada yake ya zamani, kwa mwandiko ambao hata wanawe walihangaika kuusoma, kisha akaisoma kwa sauti mtu mwingine aandike. Alijibu karibu kila mtu, wakiwemo wapuuzi. Alichapisha hata karatasi ya majibu ya mkato kwa ajili ya wasumbufu, lakini hakuitumia sana, kwa kuwa barua isiyojibiwa ilimkosesha raha.

Hapa niseme jambo linalotuuma sisi watunza nyaraka. Kwa miaka mingi Darwin alichomeka barua alizopokea kwenye vyuma vyenye ncha, vya aina ya vijiti vya mishikaki. Vyuma vikijaa, hakununua vingine. Alichukua barua za miaka kadhaa akazitia moto ili apate pa kuchomeka mpya! Ndiyo maana barua nyingi alizoandikiwa kabla ya mwaka 1862 hatunazo. Zake mwenyewe za kipindi hicho zimebaki kwa sababu walioandikiwa walizitunza.

Alikuwa na namna yake ya kuomba. Alianza kwa kuomba radhi kwa usumbufu, akasifu uzoefu wa mwenzake, akauliza maswali machache mahsusi, mara nyingi kwa namba, na palipohitajika akaahidi kulipa gharama. Kuna anayeweza kuuita ujanja huo. Mimi nauona ni ufundi. Maswali yake hayakumtaka mtu awe msomi, yalimtaka atazame kitu fulani kisha aeleze alichokiona. Wafugaji wa njiwa wa London waliulizwa kuhusu mifupa na manyoya ya ndege wao, na baadhi wakamtumia mizoga.

Vifurushi hivyo ndivyo vinavyoonyesha vizuri zaidi jinsi posta ilivyofanya kazi ya utafiti. Wakulima fulani wa Natal, kusini mwa Afrika, waliamini kwamba makundi ya nzige huleta mbegu za magugu kupitia kinyesi chao. Darwin hakuona kwamba ushahidi wao unatosha, wala hakuwacheka. J. P. Mansel Weale aliyekuwa huko akamtumia kifurushi kidogo cha kinyesi hicho kikiwa kikavu, ndani ya barua. Darwin akakichambua chini ya hadubini, akatoa mbegu kadhaa, akazipanda, na ikaota miche saba ya majani ya aina mbili. Mbegu zilikuwa zimemezwa na mdudu, zikakaushwa na kusafirishwa kwa meli, na bado zilikuwa hai. Safari nyingine Alfred Newton, mtaalamu wa ndege, alimpelekea mguu wa kwale wenye donge la udongo lililogandamana nao, la gramu 180 hivi. Udongo ulikuwa umehifadhiwa miaka mitatu. Ulipovunjwa, ukamwagiwa maji na kufunikwa kwa kioo, ilichipua mimea 82. Swali la jinsi mimea inavyofika kwenye visiwa vya mbali, ambalo wengine walilijadili kwa maneno matupu, likapata jibu la kuhesabika.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka kwa jirani zetu wa Bahari ya Hindi. Januari 1862, James Bateman, mpenzi wa okidi, alimpelekea Darwin sanduku la maua, na ndani yake mlikuwa na okidi nyeupe ya Madagaska, umbo la nyota. Nyuma ya ua unaning'inia mrija mwembamba wa karibu sentimeta 29, na mbochi umekaa chini kabisa. Darwin alimwandikia rafiki yake Joseph Hooker kwa mshangao: ni mdudu gani awezaye kuunyonya? Mwaka huohuo akaandika kitabuni kwamba lazima Madagaska kuna nondo mwenye ulimi wa urefu huo. Baadhi ya watu waliona kichekesho. Mwaka 1903, Darwin akiwa kaburini miaka 21, wataalamu wawili walimtangaza nondo huyo wa Madagaska kama namna ya pekee ya nondo ambaye jamaa zake wa bara la Afrika walikuwa wameshajulikana, na jina la kisayansi walilompa lina maana ya aliyetabiriwa.

Sasa, waliojibu walikuwa akina nani? Wapo mabwana wakubwa: Hooker, aliyekuja kuwa mkurugenzi wa bustani ya Kew, ambaye kati yake na Darwin zimebaki barua kama 1,400, na Asa Gray, mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Lakini yumo pia John Scott, mtunza bustani wa Edinburgh, aliyemwandikia Darwin mwaka 1862 kumsahihisha kuhusu okidi. Darwin hakukasirika, alimtia moyo na baadaye akamsaidia kupata njia ya kwenda kufanya kazi India. Yumo Lydia Becker wa Manchester, aliyemtumia maua yenye ugonjwa kwa uchunguzi, na Mary Treat wa New Jersey, aliyeichunguza mimea inayokula wadudu. Linnean Society, chama cha wataalamu wa mimea na wanyama cha London, haikuwapokea wanawake kuwa wanachama hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Stempu haikuuliza jinsia ya mtu.

Tusipake rangi nzuri kupita kiasi, hata hivyo. Kwa sehemu kubwa posta ilikwenda mahali ambako dola ya Kiingereza ilikuwa imefika. Mwaka 1867 Darwin alisambaza karatasi ya maswali kuhusu namna binadamu wanavyoonyesha hisia usoni, na katika kitabu chake cha mwaka 1872 aliyaorodhesha yakiwa 16. Swali la kwanza: je, mtu akishangaa hufumbua macho na mdomo na kuinua nyusi? Aliwasihi wanaojibu wasitegemee kumbukumbu, kwa kuwa katika mambo haya kumbukumbu hudanganya, bali waeleze walichokiona na hali ilivyokuwa. Akapata majibu 36, kadhaa kati yake kutoka kwa wamisionari na maofisa wa makoloni. Waliotazamwa usoni mara nyingi hawakuulizwa chochote, wala majina yao hayamo. Christian Gaika ni wa pekee kwa hilo: Mxhosa wa kusini mwa Afrika, ndugu yake chifu Sandile, aliyeandika maoni yake mwenyewe kwa Kiingereza, na Darwin akamtaja kitabuni kwa jina. Ukisoma barua za zama zile, jizoeze kuuliza ni nani aliyepanda mti kuchuma ua, na ni nani aliyetia saini tu.

Barua moja ilikaribia kumvunja moyo. Juni 1858 alipokea bahasha kutoka kwa Alfred Russel Wallace, aliyekuwa akikusanya wadudu na ndege katika visiwa ambavyo leo ni Indonesia. Ndani mlikuwa na makala iliyoeleza karibu wazo lilelile la uteuzi asilia, yaani kwamba viumbe wanaoyafaa zaidi mazingira yao ndio hubaki na kuzaa, ambalo Darwin alikuwa amelilea kimyakimya kwa miaka 20. Wakati huohuo mtoto wake mchanga alikuwa mgonjwa, na akafariki tarehe 28 Juni. Hooker na mwanajiolojia Charles Lyell wakapanga maandishi ya wote wawili yasomwe pamoja tarehe 1 Julai. Ili kuonyesha kwamba Darwin hakudandia wazo la mwenzake, walitoa nakala ya barua aliyomwandikia Asa Gray Septemba 1857. Karatasi aliyoiandika kumweleza rafiki mawazo yake ikawa ushahidi. Barua yenyewe ya Wallace haijapatikana hadi leo.

Zile zilizopatikana nazo zina kazi. Darwin alikuwa na tabia ya kukata barua kwa mkasi na kuvigawa vipande katika majalada kwa mada, kwa hiyo wahariri walilazimika kuviunganisha upya. Mara nyingi aliandika siku na mwezi bila mwaka. Mwaka ulitafutwa kwa alama za maji, yaani chapa za kiwanda zinazoonekana karatasi ikimulikwa, kwa anwani iliyochapishwa juu, kwa pambizo jeusi la msiba, au kwa mambo aliyoyataja: kitabu kilichotoka juzi, ua lililochanua. Barua hizo sasa husomwa bure mtandaoni. Anayetaka kuanza aanze na zile za Hooker, maana humo Darwin anatania na kulalamika, na Januari 1844 anakiri kwamba anaamini spishi, yaani aina za viumbe, hubadilika, akisema ni kama kukiri kuua.

Wapo kati yenu wenye barua za babu na bibi ndani ya masanduku: za kutoka Zanzibar, Muscat, machimbo ya Katanga, au shule ya bweni. Tafadhali msitupe bahasha, maana muhuri wa posta ndio unaotaja tarehe na mahali. Msing'oe stempu kuwapa wanaozikusanya. Msibandike selotepu, wala kuzipiga plastiki kwa mashine kama vyeti. Gundi na joto huharibu karatasi kiasi cha kutorekebishika. Toeni pini na klipu za chuma kabla hazijashika kutu, mziweke pakavu mbali na mchwa, na majina ya wahusika myaandike kwa penseli kwenye karatasi ya pembeni wakati bado yupo mzee wa kuwatambua.