Mazoezi, Madini na Ini Lililoumizwa na Dawa: Dhana Potofu na Ukweli

Imani kwamba mbio za asubuhi na kopo la vidonge vya zinki vinaweza kutibu ini lililovimba kwa sababu ya dawa haikosi wafuasi Dar es Salaam, kuanzia wakimbiaji wa Coco Beach hadi wateja wa maduka ya virutubisho ya Kariakoo. Kung'oka kwake ni kugumu kwa kuwa ina chembe ya ukweli: katika majaribio ya panya wa maabara, mazoezi ya kiasi, na wakati mwingine zinki au seleniamu, yamepunguza madhara ya dawa kwenye ini. Lakini panya hao mara nyingi hukingwa kabla ya kudhurika, ilhali mgonjwa wa Mbagala huanza kutafuta tiba macho yakiwa yamekwisha kugeuka manjano.

Dhana ya hatari kuliko zote ni kwamba mtu anaweza kuendelea na dawa inayomdhuru mradi anaongeza madini. Ukweli ni kwamba tiba ya msingi ni kuitambua dawa hiyo na kuisimamisha kwa uamuzi wa daktari. Parasetamoli ikizidi huzalisha sumu ambayo kwa kawaida hunaswa na glutathioni, kemikali ya kinga iliyomo kwenye ini, na akiba hiyo ikiisha, seli za ini huanza kufa. Mtu mzima hapaswi kuvuka gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na wapo wanaovuka bila kujua kwa sababu dawa nyingi za mafua nazo zina parasetamoli. Aliyezidisha huhitaji asetilisisteini, dawa ya kukabili sumu hiyo, hospitalini, wala si zinki.

Kwa dawa za kifua kikuu, isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi zote zinaweza kuumiza ini, lakini kujiachisha kiholela hukaribisha usugu wa vimelea. Mkojo wa rangi ya chungwa unaotokana na rifampisini ni wa kawaida. Mkojo mweusi kama chai ya rangi, ukiambatana na kichefuchefu na macho ya manjano, ni sababu ya kurudi kliniki siku hiyo hiyo.

Wengine husema jasho hutoa sumu ya dawa. Kazi ya jasho ni kupoza mwili. Mabaki ya dawa hutoka hasa kwa mkojo na nyongo. Faida halisi ya mazoezi, takriban dakika 150 kwa wiki, ni kupunguza mafuta kwenye ini, hata uzito usiposhuka sana. Ini likiwa limevimba vikali, daktari ndiye aamue lini mgonjwa arudi kukimbia. Tena, anayenyanyua vyuma vizito siku chache kabla ya kupimwa damu amweleze daktari, kwani misuli iliyochoka hupandisha vimeng'enya vya ALT na AST, ambavyo hupimwa kuchunguza ini, na ini likasingiziwa.

Madini nayo huuzwa kana kwamba hayana ubaya. Mtu mzima huhitaji takriban maikrogramu 55 za seleniamu kwa siku. Matumizi ya muda mrefu yanayozidi maikrogramu 400 kwa siku huweza kunyonyoa nywele na kuharibu kucha. Zinki inayozidi miligramu 40 kila siku huweza kupunguza shaba mwilini, na chuma kikirundikana hulidhuru ini lenyewe. Kwa asiye na upungufu uliothibitishwa, dagaa na kunde vinatosha, tena kwa bei nafuu. Anayetumia dolutegraviri, dawa ya VVU, asimeze vidonge vya zinki au magnesiamu pamoja nayo, kwa sababu madini hayo huizuia kufyonzwa. Ameze dawa saa 2 kabla ya madini au saa 6 baada yake.