Breki ikilia, grisi inapakwa wapi?

"Breki ikilia, paka grisi plakete." Hapa Bukavu utalisikia sana. Plakete ni pedi ya breki, ile inayobana diski inayozunguka na gurudumu. Sawa, lakini upande upi? Gari husimama kwa msuguano. Ukipaka uso unaobana diski, utakuja kujua ukishuka mteremko wa Nguba: unakanyaga kwa nguvu zote, gari halisimami.

Grisi inakaa pale chuma kinaposugua chuma: kiasi cha ukucha mgongoni mwa plakete, pale pistoni inayoisukuma inapogusa, na kwenye masikio yake yanayoteleza ndani ya fremu. Pini za etriye, kile kifaa kinachoshika plakete na kuzibana, zinataka grisi ya silikoni inayovumilia joto, kwani ile ya kawaida huvimbisha mipira.

Na plakete iliyokwisha kunywa grisi? Kuna wanaoikausha kwenye mbabula, jiko la makaa, mimi siwaelewi. Safisha diski, nunua plakete mpya za magurudumu yote mawili, la kushoto na la kulia.