Kinga ya minyoo ya moyo kwa mbwa: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mfugaji wa mbwa aliyekulia Tanga au Mombasa anaijua chanjo ya kichaa cha mbwa, anajua kuogesha mbwa kwa dawa ya kupe, na dawa ya minyoo ya tumbo anaikumbuka kila baada ya miezi kadhaa. Akihamia Houston, Texas, na kupata mbwa huko, daktari wa mifugo anamuuliza swali asilolitarajia: unampa nini cha minyoo ya moyo? Majimbo ya Ghuba ya Meksiko, kuanzia Texas hadi Florida, pamoja na bonde la mto Mississippi, ndiyo yanayosumbuliwa zaidi na ugonjwa huu nchini Marekani. Na hapo ndipo ushauri wa majirani na wa magrupu ya WhatsApp unapomiminika, mwingi wake wa kupotosha.

Minyoo yenyewe, Dirofilaria immitis, ni ya ukoo mmoja na ile ya matende. Huenezwa na mbu, na ikikomaa huishi kwenye mishipa ya mapafu na upande wa kulia wa moyo. Jike hufikia sentimita 25 hadi 30, na ndani ya mbwa huweza kuishi miaka 5 hadi 7.

"Mbwa wangu analala ndani"

Mbu pia. Anayekaa ghorofani na kumshusha mbwa jioni kwenda haja amempeleka kwa mbu saa ileile wanapotafuta damu. Manyoya mazito hayasaidii, kwa sababu mbu huchagua masikio, pua na tumbo. Wakazi wa Minneapolis, jiji la kaskazini lenye baridi kali, wana hoja yenye nguvu kidogo, maana joto likishuka chini ya nyuzi 14 hivi, lava, yaani minyoo michanga, hawakui ndani ya mbu. Lakini majira ya mbu hayafuati kalenda, na mbwa nao huhama. Baada ya kimbunga Katrina mwaka 2005, mbwa wengi waliookolewa Louisiana walipelekwa majimbo mengine, na baadhi yao walikwenda na minyoo yao. American Heartworm Society, chama cha Marekani cha kupambana na minyoo ya moyo, inashauri kinga mwaka mzima, popote nchini humo.

"Kidonge cha leo kinamlinda mwezi unaokuja"

Hii ndiyo dhana inayoharibu mambo mengi zaidi. Mtu akiikosea hii, hata akinunua dawa ya bei mbaya ataitumia ovyo. Kidonge cha ivermektini au cha milbemisini hakikai mwilini mwezi mzima kikimvizia mbu. Kinafanya kazi kwa muda mfupi, kisha mwili unakiondoa. Kinachoua ni lava walioingia katika siku 30 hivi zilizopita. Dawa inafagia nyuma, haitangulii mbele.

Ukifuatilia safari ya mnyoo utaona sababu. Mbu akimuuma mbwa mgonjwa hufyonza vijinyoo vichanga pamoja na damu. Kwenye joto la nyuzi 27 hivi, vinahitaji siku 10 hadi 14 ndani ya mbu kabla ya kuweza kuambukiza. Mbu akimuuma mbwa wa pili, lava hao, sasa wa hatua ya tatu ya ukuaji, huingia kupitia kitundu cha kuumwa. Katika siku 3 hadi 12 hujivua na kufikia hatua ya nne, wakiwa bado chini ya ngozi na kwenye misuli. Kisha, kati ya siku ya 50 na ya 70, hujivua tena na kuwa minyoo midogo inayoelekea kwenye mishipa ya mapafu. Dawa za kinga huua hatua ya tatu na ya nne. Wakishavuka hapo, huwezi tena kuzitegemea. Hesabu ya kidonge kimoja kwa mwezi imetoka humo: lava wa mwezi mmoja bado ni mchanga kiasi cha kuuawa, wa miezi miwili na nusu si hakika.

Anayehama na mbwa wake kutoka Houston kwenda Nairobi, basi, asiache dawa siku ya kupanda ndege. Dozi ya mwezi unaofuata, atakayoimeza akiwa Nairobi, ndiyo itakayowamaliza lava wa mbu wa wiki za mwisho za Texas. Na anayeanza kinga leo kwa mbwa mzima hajafuta yaliyoingia mwaka jana. Ndiyo maana mbwa wa miezi 7 na kuendelea hupimwa kwanza. Mtoto wa mbwa huanzishiwa bila kupimwa, kabla hajapita wiki 8.

"Tayari anapewa dawa ya kupe" au "tayari anapewa dawa ya minyoo"

Soma kilichomo kwenye pakiti, usisome picha ya mbwa iliyo juu yake. Bravecto na NexGard ya kawaida zinaua kupe na viroboto, na kwa minyoo ya moyo hazina kazi. Fipronili ya kudondoshea mgongoni vivyo hivyo. Dawa za minyoo ya tumbo kama pyranteli, prazikwanteli na albendazoli, ambazo zimejaa kwenye maduka ya pembejeo na dawa za mifugo kwetu, nazo hazikingi moyo.

Utata unatokana na pakiti zilizochanganya dawa. NexGard Spectra ina milbemisini ndani yake, kwa hiyo inakinga. Simparica Trio ina moksidektini, dawa ya kupe na pyranteli, kwa hiyo inakinga pia. Heartgard Plus ni ivermektini na pyranteli: moyo, minyoo mviringo na safura, lakini kupe hawaiogopi. Ukitaka na tegu, tafuta yenye prazikwanteli. Majina yanafanana, kazi zinatofautiana, na muuzaji aliyechoka anaweza kukupa ndugu asiye sahihi.

"Ivermektini ya ng'ombe ni ileile, tena bei chee"

Ni ileile kweli. Tatizo ni kipimo, na hesabu yake inatisha. Dozi ya kinga kwa mbwa ni mikrogramu 6 kwa kila kilo. Mbwa wa kilo 10 anahitaji mikrogramu 60. Chupa ya sindano ya ng'ombe ya asilimia 1 ina mikrogramu 10,000 katika kila mililita. Kwa hiyo mbwa huyo anahitaji mililita 0.006, na hakuna bomba la sindano la nyumbani linaloweza kupima hivyo. Tone moja la kawaida lina kama mara nane ya dozi. Mililita moja nzima ni dozi za mbwa zaidi ya 160.

Mbwa wengi huvumilia zaidi ya dozi ya kinga, na hapo ndipo wanaojidungia mbwa wao wanapopata ushujaa. Ila wapo wasiovumilia. Mwaka 2001 watafiti wa Washington State University walieleza kasoro ya jeni iitwayo MDR1, inayoacha dawa hii ipenye hadi kwenye ubongo. Mbwa wa aina ya Collie ndio wanaojulikana zaidi kuwa nayo, lakini baadhi ya German Shepherd wanayo pia, na German Shepherd ndiye mlinzi wa mageti mengi ya Nairobi na Dar es Salaam. Mwenye kasoro hiyo huanza kudhurika kwa takriban mikrogramu 100 kwa kilo: anatokwa mate, anayumba, anatetemeka, anapofuka, anaweza kuzimia na kufa. Kwa mbwa wa kilo 10, hayo ni matone mawili. Dozi halali ya kila mwezi, ya mikrogramu 6, ni salama hata kwa Collie, kwa hiyo wenye mbwa hao wasiikimbie kinga. Waikimbie chupa ya ng'ombe.

Dawa ya matende nayo isiguswe. Diethilikabamazini, iliyogawiwa kwa watu katika kampeni za matende pwani ya Kenya, iliwahi kutumika kila siku kama kinga ya mbwa. Ikitua kwa mbwa ambaye tayari ana vijinyoo kwenye damu, huweza kumpiga mshtuko wa kuua.

"Sindano ni chanjo"

Hakuna chanjo ya minyoo ya moyo. Sindano ya ProHeart ni moksidektini inayoachiliwa polepole ndani ya mwili. Ile ya miezi 6 iliidhinishwa Marekani mwaka 2001, ikaondolewa sokoni 2004 baada ya ripoti za madhara, ikarudi 2008 kwa masharti. Ya miezi 12 iliidhinishwa 2019, na ni kwa mbwa waliotimiza mwaka mmoja. Hasara yake ni kwamba ikishaingia haitoki. Mbwa akiitikia vibaya, huwezi kuiosha wala kuisitisha.

Hata hivyo, kwa maoni yangu kuchagua kuanze kwa mwenye mbwa. Dereva wa lori anayekaa barabarani wiki mbili na kumwachia mbwa binamu yake ni bora achome sindano. Mwenye watoto wadogo wanaomkumbatia mbwa siku nzima heri atumie kidonge kuliko dawa ya kudondoshea shingoni. Mwenye mbwa anayetema kila kidonge anafaa dawa ya ngozi, kama selamektini au moksidektini ya kudondoshea. Dawa zote za kinga nilizozitaja, kuanzia kidonge hadi sindano, ni za kundi moja, na kinachozitofautisha zaidi ni kama zitatolewa kwa wakati.

"Mwarobaini na kitunguu saumu vinatosha"

Havitoshi. Kitunguu saumu kikizidi huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa. Kola na dawa za kufukuza mbu zinasaidia kupunguza kuumwa, lakini zinaongezwa juu ya kinga, hazishiki nafasi yake. Na kama nyumbani kuna paka, jihadhari na zenye pemethrini, maana kwa paka ni sumu.

"Vijinyoo vikionekana kwenye damu, moyo umeshaingiliwa"

Kwa mbwa wa pwani yetu, taratibu. Dirofilaria repens, inayoishi chini ya ngozi, inajulikana pwani ya Kenya, nayo hutoa vijinyoo kwenye damu. Mwaka 1958 ulielezwa mnyoo mwingine wa mbwa na paka kutoka kisiwa cha Pate, Lamu, ambao leo huitwa Brugia patei. Chini ya hadubini, jicho lisilozoea litaviita vyote vya moyo. Kipimo cha antijeni kinatafuta alama ya mnyoo jike wa moyo aliyekomaa, kwa hiyo kinasaidia kutenganisha. Choo hakionyeshi kitu, kwani minyoo hii haitagi mayai tumboni.

"Akiugua atatibiwa"

Atatibiwa, ndiyo, kwa melasomini, dawa yenye aseniki inayodungwa ndani kabisa ya misuli ya kiuno: sindano moja, kisha baada ya mwezi mbili nyingine zenye saa 24 kati yake. Kabla ya hapo hupewa doksisaiklini wiki 4, kuua bakteria wanaoishi ndani ya minyoo. Kisha minyoo hufa, na vipande vyake husukumwa na damu hadi kuziba mishipa ya mapafu. Ndiyo maana mbwa hufungiwa miezi, hakimbii, hapandi ngazi, hachezi na watoto. Gharama yake huzidi kwa mbali kinga ya mwaka.

"Anayepewa dawa hana haja ya kupimwa"

Wapo mbwa waliomeza kila dozi na bado wakapata minyoo. Usugu wa minyoo dhidi ya dawa umethibitishwa katika eneo la chini la bonde la Mississippi. Lakini visa vingi vina sababu ya kawaida zaidi: dozi iliyosahaulika, au kidonge kilichotemwa nyuma ya kochi. Ukigundua umechelewa, mpe dozi mara moja na umjulishe daktari. Pengo likiwa kubwa, atapimwa sasa, kisha tena baada ya miezi 6, kwa sababu mnyoo ulioingia mwezi jana hauonekani kwenye kipimo cha leo.