Into the Badlands si "ya Kichina"

Kwenye vibanda umiza vya Mwanga na Ujiji hapa Kigoma, upanga ukichomolewa tu na mtu akaruka hewani, utasikia: "Ya Kichina hiyo." Tamthilia ya Into the Badlands imebandikwa jina hilo, na si haki.

Ni tamthilia ya Marekani. Ilirushwa na kituo cha AMC kuanzia Novemba 2015 hadi Mei 2019, misimu 3, vipindi 32. Msimu wa kwanza ulipigwa Louisiana, iliyofuata ikapigwa Ireland. Hata stelingi, Daniel Wu anayecheza Sunny, ni mzaliwa wa California, ingawa jina alilipatia Hong Kong.

Dunia inayoonyeshwa ni Marekani baada ya ustaarabu kuporomoka. Bunduki zimepigwa marufuku, mabaroni wanatawala kwa upanga. Kwa hiyo ngumi na mateke si mapambo. Ndiyo siasa yenyewe ya nchi ile.

Ila Uchina umo, tena pale penye utamu. Hadithi imechota kwa mbali kwenye riwaya ya kale, Safari ya Magharibi: Sunny ametokana na Sun Wukong, mfalme wa nyani, na mwenzake Bajie kachukua jina la yule nguruwe mlafi wa riwaya hiyo. Mapigano nayo yalipangwa na mafundi wa Hong Kong. Tazama pambano la kwenye mvua, msimu wa kwanza: koti jekundu la Sunny limelowa, maji yanaruka kila pigo linapotua. Mafundi wa kweli hao, nami nawavulia kofia.