Je, wajua kwa nini ukurasa usiofunguka Horohoro hufunguka Lunga Lunga?

Mei 2025, Tanzania ilipouzuia mtandao wa kijamii wa X (zamani Twitter), msafiri aliyetoka Tanga mjini akavuka mpaka wa Horohoro na kununua laini ya Kenya upande wa Lunga Lunga aliweza kuufungua bila taabu. Simu ilikuwa ileile, na taarifa zilitoka kwenye kompyuta zilezile za mbali. Kilichobadilika ni kampuni iliyozibeba.

Intaneti haina mmiliki mmoja, lakini njia za kuifikia zina wenye leseni. Kampuni inayomhudumia mkazi wa Ngamiani au Chumbageni hufanya kazi kwa leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na amri ya kuzuia tovuti hutekelezwa ndani ya mitambo ya kampuni hiyo: ama mtambo unaotafuta namba ya tovuti kwa kutumia jina lake hukataa kujibu, ama data inayoelekea kwenye namba hiyo hukatwa njiani. Amri hiyo haiifungi kampuni yenye leseni ya Kenya, nchi ambayo nayo iliibana programu ya ujumbe ya Telegram wakati wa mitihani ya kitaifa ya kumaliza sekondari (KCSE) mwaka 2024. Anayevuka na laini yake ya Tanzania, kwa kawaida data yake hurudishwa kwanza nyumbani, na huko hukutana na kizuizi kilekile.

Kiini cha mabishano kuhusu kuzuia tovuti kimo katika jambo ambalo wengi hawalijui. Tovuti nyingi siku hizi husafirisha data iliyosimbwa, hivyo kampuni ya simu huona jina la tovuti tu, kama bahasha iliyogundishwa ambayo juu yake husomeka anwani peke yake. Haiwezi kuzuia ukurasa mmoja na kuuachia mwingine. Serikali ilieleza kwamba X ilizuiwa kwa sababu ya maudhui ya ngono yanayokiuka maadili, na hofu hiyo anaielewa kila mzazi ambaye mwanawe ana simu janja. Lakini kizuizi hicho kilimfungia pia mwandishi wa habari, daktari, na hata mfanyabiashara wa machungwa wa Muheza anayetafuta wateja.

Wengine hukimbilia VPN, yaani huduma inayopitisha data yao kwenye kompyuta nyingine kwanza, ambayo huficha hata hiyo anwani. Oktoba 2023 TCRA iliwataka watumiaji wa VPN watoe taarifa zao.

Mimi sipingi sheria mtandaoni, kwani matapeli wapo na wanaosambaza picha za faragha za watu wapo, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inatosha kumfuata mkosaji mmoja mmoja. Ila kwa kuwa kizuizi hiki hakiwezi kuchagua, naamini amri ya kufunga tovuti nzima ingepaswa kutolewa na mahakama, itangazwe kwa maandishi pamoja na sababu zake na tarehe ya ukomo, na aliyeathirika apewe nafasi ya kukata rufaa.