Hagah: kitenzi cha Kiebrania kilicho nyuma ya "kutafakari" katika Zaburi ya 1

Zaburi ya 1 inamsifu mtu ambaye sheria ya Bwana "huitafakari mchana na usiku". Waumini wengi tunaowafundisha hulipokea neno hilo kama agizo la kunyamaza: kufumba macho, kutuliza mwili, kuwaza moyoni. Kitenzi kilichoandikwa pale kwa Kiebrania ni hagah, na hagah huanzia kooni.

Mtazame simba wa Isaya 31:4. Windo ameshalikamata. Wachungaji wengi wameitwa waje kumfukuza, wanapiga kelele, naye hababaiki. Amelikalia windo lake, ananguruma. Kitenzi ni hagah. Kiebrania kina kitenzi kingine kwa ngurumo kubwa ya simba, nacho ni sha'ag, kama katika Amosi 3:8. Hagah ya Isaya inaelekea zaidi kwenye sauti nzito ya chini ya mnyama ambaye chakula kiko mbele yake na hana nia ya kukiachia.

Isaya huyohuyo anakitumia kwa hua. Mfalme Hezekia, akisimulia ugonjwa uliokaribia kumuua, anasema aliomboleza kama hua (38:14), na taifa zima linasema hivyo katika 59:11. Aliyewahi kusikia hua akilia anaijua sauti ile: ya chini, inayojirudia, haina haraka.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote, kwa maoni yangu, uko katika Zaburi ya 115. Mtunzi anazihesabu kasoro za sanamu kiungo kwa kiungo, na aya ya 7 inamalizia kwamba kwa koo zao hazitoi sauti. Hapo pia ni hagah. Kama kitenzi hiki kingekuwa na maana ya kuwaza tu, koo lingetajwa la nini? Vilevile katika Zaburi 35:28 kinachofanya hagah ni ulimi, na katika 37:30 ni kinywa cha mwenye haki. Biblia yetu ya Muungano imetafsiri "kunena" sehemu hizo mbili, na imetafsiri vyema. Hata nomino yake, hegeh, iliyomo katika Zaburi 90:9, wafasiri wetu waliipatia neno zuri sana: "Tumetowesha miaka yetu kama kite." Kite ni mguno wa mtu mwenye maumivu.

Kwa hiyo mtu wa Zaburi ya 1 ni msomaji anayesikika. Hati za Kiebrania za kale ziliandikwa kwa konsonanti bila alama za irabu, na msomaji alilitambua neno kwa kulitamka. Kusoma kwa sauti kulikuwa jambo la kawaida. Ndiyo maana katika Matendo 8:30 Filipo, akilikimbilia gari la Mwethiopia, "akamsikia" akisoma chuo (yaani kitabu) cha nabii Isaya. Yoshua 1:8 nayo inatamka wazi: kitabu cha torati kisiondoke "kinywani mwako", bali uyatafakari maneno yake mchana na usiku. Kinywa na hagah vimo ndani ya sentensi moja. Anayetaka kupata picha hai amsikilize mtoto wa madrasa anayerudia aya zake kwa sauti ndogo mpaka zikae.

Wanaisimu wengi hukihusisha kitenzi hiki na mzizi wa Kiarabu uliotupatia neno letu "tahajia". Undugu wa namna hiyo haututhibitishii maana, lakini unafurahisha.

Naomba msomaji asiruke sasa hadi upande wa pili na kudai kwamba kila hagah ni kunguruma. Mithali 15:28 inasema moyo wa mwenye haki hufikiri atakavyojibu, na hapo mtendaji ni moyo. Maana ilipanuka kutoka sauti ya chini hadi fikra ambayo mtu huizungumza ndani yake, na muktadha ndio unaoamua. Wala kitenzi chenyewe hakina utakatifu. Zaburi ya 2 inaanza kwa kuuliza kwa nini makabila "wanatafakari ubatili", na ni hagah ileile iliyotumika zaburi moja kabla. Mmoja ananong'ona torati, wengine wananong'ona njama dhidi ya Bwana na masihi wake. Katika Isaya 8:19 wanaonong'ona ni waaguzi. Nadhani waliozipanga Zaburi hizi mbili pamoja walitaka tuzisikie sauti hizo mbili zikikabiliana.

Kosa jingine hutokea mimbarani: kuichukua kila "tafakari" ya Biblia ya Kiswahili kuwa hagah. Katika Zaburi 119:15, "Nitayatafakari mausia yako", kitenzi ni siach, ambacho hutumika pia kwa kusimulia na hata kulalamika. Katika Zaburi 77:12 vitenzi vyote viwili vimewekwa sambamba, kila kimoja katika nusu yake ya mstari. Mhubiri anayetaka kujenga hoja juu ya kitenzi afungue kwanza itifaki ya Kiebrania, yaani kitabu kinachoorodhesha maneno ya Biblia na mahali yalipotumika, aone kilichoandikwa.

Asiyejua Kiebrania hajanyimwa kitu. Soma Zaburi ya 1 kwa sauti ya chini, midomo ikitembea, kisha irudie bila kuharakisha. Aya zake ni sita tu.