Nafuu ya mwaka mmoja si "matokeo ya muda mrefu"

Kwa mara nyingine nimesikia mtu aliyepasuliwa nyonga kwa matundu madogo akisema kuwa miezi minane imepita, maumivu yamekwisha, na kwa hiyo upasuaji huo una matokeo mazuri ya muda mrefu. Namfurahia kwa dhati, ila neno alilolitumia si lake bado.

Tatizo linalotibiwa kwa upasuaji huo ni la umbo la nyonga. Kichwa cha mfupa wa paja, au ukingo wa kikombe kinachokipokea, au vyote viwili, huwa na mfupa uliozidi, hivyo mtu akikunja paja mifupa hugongana na kuumiza gegedu pamoja na utepe laini unaozunguka kikombe. Daktari huingiza kamera nyembamba, huchonga kilichozidi na kushona kilichochanika. Matokeo ya muda mrefu ni hali ya nyonga hiyo miaka mingi baadaye, na madaktari wa mifupa kwa kawaida humaanisha miaka 10 au zaidi.

"Matokeo" limetoka katika kitenzi "tokea", nacho kimetoka katika "toka". Ni jambo ambalo limekwisha kutoka likaonekana. Lisilotokea bado huitwa tarajio. Kwa hiyo hakuna awezaye kuwa na matokeo ya miaka 10 mwaka wa kwanza, hata daktari wake akiwa hodari namna gani. Hali ya miezi ya mwanzo tunayo neno lake zuri, "nafuu", lenye asili ya Kiarabu na maana ya manufaa, na kila anayeuguza anajua kuwa kupata nafuu si kupona.

Tofauti hii ina uzito kwa sababu ushahidi tulio nao umegawanyika vivyo hivyo. Jaribio lililofanywa Uingereza kwa wagonjwa 348, likachapishwa mwaka 2018, lilionyesha kuwa baada ya miezi 12 waliopasuliwa walikuwa na hali bora kuliko waliopewa mazoezi ya tiba, ingawa makundi yote mawili yalipata nafuu. Ni ushahidi wa kuheshimiwa, lakini ni wa miezi 12. Tangu daktari wa mifupa Reinhold Ganz na wenzake wa Bern, Uswisi, walipoeleza mwaka 2003 kuwa mgongano huu huweza kuisaga nyonga, watu wametumaini kuwa kuuchonga mfupa mapema kutazuia kusagika huko. Tumaini hilo lina mantiki, ila halijathibitishwa.

Hata pale miaka 10 inapotimia kweli, kuna neno jingine linalopotosha zaidi: nyonga "iliyodumu". Katika hesabu nyingi za muda mrefu, nyonga iliyodumu ni ile ambayo haijabadilishwa kwa nyonga bandia, basi. Mtu anayeshuka kwenye gari kwa kuinua paja lake kwa mikono miwili, anayevaa soksi akiwa amelala chali kwa kuwa hawezi kuinama, anahesabiwa humo sawa na anayekimbia, kwa sababu tu ameahirisha kubadilishiwa au hakushauriwa. Kipimo hicho kina kazi yake, lakini maumivu hayaonekani ndani yake. Hayo huulizwa kwa dodoso, na anayesoma takwimu lazima ajue ni kipi kati ya viwili hivyo kilichohesabiwa.

Wala nyonga zote hazianzii mahali pamoja. Kwa mwenye umri mkubwa, au ambaye picha ya eksirei inaonyesha nafasi ya kiungo imebaki milimita 2 au pungufu, uwezekano wa kuishia kwenye nyonga bandia ni mkubwa zaidi, na nafuu ya miezi ya mwanzo haiondoi hilo.

Basi ndugu yangu wa miezi minane aseme tu kwamba amepata nafuu kubwa, na akiambiwa nyonga za wengine zimedumu miaka 10, aulize kama zinauma.